Nilinunua "seramiki ya yadi" kwa 1,200,000, hii ndo tathmini yangu baada ya miezi sita

Kama saa hizi uko yadi ya magari, gari umeshaipenda, bei mmeshakubaliana, na muuzaji kakuletea karatasi ya pili ile ya "kulinda rangi" kwa seramiki, yaani dawa ya kupaka juu ya rangi ya gari, weka kalamu chini kwanza usome hii. Mimi nilisaini. Nilitoa 1,200,000 juu ya bei ya gari na leo miezi sita imepita, nimeshaongea na mafundi watatu tofauti, picha ninazo, risiti ninayo, kwa hiyo siongei kwa hasira tu ingawa hasira ninayo.

Gari ni Toyota Alphard nyeusi, imetoka Japani, nimeichukua yadi moja hapa Dar. Jina la yadi sitaweka maana bado tunadaiana na sitaki mambo ya kuitana polisi, sema haya ninayoyaelezea nimekuja kugundua yanafanyika yadi nyingi tu, ukisoma utajua kama na ya kwako ni hivohivo.

Muuzaji alikuwa kijana mzuri, mpole, anaongea vizuri. Nilivomaliza kulipia akaniambia dada yangu gari nyeusi bila seramiki jua la Dar litaila ndani ya mwaka mmoja, afu akatoa simu akanionesha video, maji ya tope yanamwagwa kwenye boneti yanateleza yote hakuna kinachobaki. Kifurushi chao kilikuwa na seramiki ya 9H yenye waranti ya miaka mitano, dawa ya viti, na dawa ya kutu ya kupuliza chini ya gari. Bei 1,500,000 lakini kwa sababu nimenunua gari kwao ofa 1,200,000, na ofa inaisha leo. Hapo kwenye "inaisha leo" ndo nilipaswa kusimama. Lakini ukishatoa mamilioni kwa ajili ya gari, laki kumi na mbili inaonekana ndogo, na uchungu wa kuwaza gari yako mpya itachakaa unakusukuma unasaini. Wanajua hilo ndo maana ile karatasi haiji mwanzoni, inaletwa mwishoni wakati umeshachoka na unataka funguo tu.

Wakasema njoo kesho jioni gari itakuwa tayari. Mimi nikaenda saa tano asubuhi maana nilikuwa na hamu nayo, na nashukuru Mungu nilienda, la sivyo mpaka leo ningekuwa naamini.

Nilichokikuta ni kijana mmoja wa kuosha magari, yuleyule anayefuta vumbi magari yote ya yadi asubuhi, gari yangu iko juani katikati ya changarawe, boneti ukiigusa unaondoa mkono. Ameosha kwa sabuni ya unga na sponji moja, ndoo moja, kafuta, afu akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho akawa anadondoshea kwenye kitambaa anapaka anafuta, anapaka anafuta, mlango mmoja hauchukui hata dakika tatu. Nilikaa kwenye benchi nikaangalia, gari nzima, na Alphard mnajua ilivyo kubwa, aliimaliza kama dakika arobaini hivi. Viti vilipuliziwa kitu chenye harufu ya limao. Saa nane mchana nikapewa funguo. Ilikuwa mwisho wa Machi, masika imeshaanza, na jioni hiyohiyo nikiwa kwenye foleni Mwenge mvua ikanikuta ya kutosha.

Wakati ule sikujua kama kuna kosa. Gari ilikuwa inang'aa na maji yanakimbia kwenye kioo na boneti kama kwenye video, nikafurahi, nikampigia dada yangu simu.

Sasa nieleze nilichojifunza maana hapa ndo penye maana yote. Hizi seramiki zenyewe sio utapeli. Ni kimiminika chenye silika, ukikipaka kwenye rangi iliyo safi kabisa kinashika na kukauka kuwa tabaka gumu la uwazi ambalo sabuni ya kawaida haiondoi, na linafanya uchafu usigande kirahisi. Hilo ni kweli. Lakini angalia unene wake. Rangi yote ya gari ya kiwandani, kuanzia ile ya chini ya kuzuia kutu mpaka lakeri ya juu ambayo mafundi wanaita kilia, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), yaani karibu na unene wa karatasi moja ya fotokopi au karatasi na nusu. Seramiki ikishakauka ni mikroni moja, mbili. Chukua karatasi ya fotokopi uigawe mara hamsini au mia kwa unene, kale kapande kamoja ndo seramiki yako. Jiwe likiruka kutoka kwenye tairi la lori la mbele haliwezi hata kujua kama seramiki ipo.

Na ile 9H, jamani, mimi niliambiwa ni ugumu unaokaribia almasi. Ile H ni ya penseli! Ni H ileile ya kwenye penseli za HB tulizotumia shule. Kipimo chake wanachukua penseli za ugumu tofauti wanaisukuma kwenye sehemu iliyopakwa ikiwa imelazwa pembe ya digrii 45, wanaangalia ipi inakwangua, na 9H ndo penseli ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho. Kwa hiyo 9H maana yake penseli haikwangui. Sawa, lakini nani anakwangua gari kwa penseli? Kinachokwangua gari zetu ni mchanga uliokaa kwenye kitambaa cha kuoshea, na mchanga wa kwetu ni wa kwatsi, huo hauna habari na penseli yoyote.

Tukirudi kwenye gari. Mwezi wa kwanza mzuri. Mwezi wa pili maji yakawa hayasimami tena kama shanga, yanalala. Mwezi wa tatu likatokea la kunguru.

Wakazi wa Dar hawahitaji kuelezewa kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na sasa wametapakaa pwani nzima, na kazini kwetu maegesho yako chini ya mkungu ambao ndo nyumbani kwao. Ijumaa moja niliacha gari pale nikaenda safari ya msiba, nikarudi Jumatatu, kwenye boneti kuna mabaka manne makubwa yamekauka. Nikayaosha yakatoka, lakini chini yake pamebaki alama, rangi imefifia na imejikunja kidogo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, ukipitisha kidole unaisikia. Fundi baadae akanieleza kwamba sio tindikali peke yake inayofanya hivyo. Mchana rangi ikipigwa na jua inapata moto inalainika na kutanuka, usiku inapoa inasinyaa, sasa kile kinyesi kikiwa kimekauka juu yake rangi inasinyaa ikifuata umbo lake, na siku tatu za jua la Dar zinatosha kabisa.

Basi nikachukua karatasi yangu ya waranti nikaenda yadi nikiwa na uhakika, miaka mitano, ndo kwanza miezi mitatu. Meneja akaniambia dada soma nyuma. Nikasoma nyuma, na naomba nawe kama umeshasaini uende sasa hivi ukasome nyuma. Kinyesi cha ndege kinahesabika kama tu umekiosha ndani ya saa 24. Alama za maji haziko kwenye waranti. Mikwaruzo ya kuoshea haimo. Mawe hayamo. Utomvu wa miti haumo. Kila baada ya miezi sita lazima urudi kwao wakupake "dawa ya kuamsha" kwa 150,000, ukikosa mara moja waranti imekufa, kwa miaka mitano hiyo ni mara kumi, 1,500,000 nyingine juu ya ile ya mwanzo. Na hata wakikubali kosa ni lao, wanachokupa ni kupaka upya ileile dawa kwenye sehemu iliyoharibika, sio kurekebisha rangi. Nilimuuliza meneja, sasa kaka, kitu gani ambacho waranti hii inalipia? Akasema "rangi kufifia kwa jua". Rangi ya kiwandani ya Toyota kufifia ndani ya miaka mitano wakati imeshakaa Japani miaka kumi haijafifia, huo ndo mzigo niliokuwa nimenunua.

Nikatoka pale nikaenda kwa fundi mmoja Sinza ambaye kazi yake ni kupolishi tu, hapigi rangi hanyooshi bodi. Mzee wa makamo, haongei sana. Nikamwambia nina seramiki ya miezi mitatu, hakubisha, akachukua chupa ya kupulizia yenye spiriti iliyochanganywa na maji, akapuliza eneo la mlango wa dereva ukubwa wa daftari, akafuta kwa kitambaa safi cha maikrofaiba mara mbili. Afu akawasha taa ndogo kali akaisogeza karibu. Aisee. Pale alipofuta palikuwa pamejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui, na pembeni yake ambapo hajafuta pamefichwa na ule mng'ao. Akaniambia "seramiki haitoki kwa spiriti mama, hii ni mafuta ya kung'arisha". Akarudia mlango wa nyuma, hivohivo. Akapata sehemu moja tu juu ya paa karibu na kioo ambapo maji bado yanasimama, akasema labda hapa ilishika kidogo.

Huu mtihani mtu yeyote anaweza kuufanya, spiriti ya duka la dawa ichanganye nusu kwa nusu na maji, eneo dogo, kivulini, gari ikiwa imeoshwa. Kama ulichouziwa ni seramiki iliyoshika kweli hautaona tofauti. Kama mikwaruzo inafufuka mbele ya macho yako basi unajua.

Afu akanionesha kitu kingine ambacho yadi hawakuniambia na naamini hawakujua. Alifungua mlango, kwenye nguzo kuna kibao kidogo cha Toyota, akatafuta mstari ulioandikwa C/TR, pale ndo panaandikwa namba ya rangi, yangu ni 202. Akachukua kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, kidogo sana kwenye kitambaa cheupe akasugua kona ya chini ya mlango, kitambaa kikawa cheusi. Maana yake rangi yangu haina kilia juu yake, ni rangi tupu inayong'aa yenyewe, ukisugua unatoa rangi yenyewe. Ndo maana nyeusi hii inachubuka kwa kuiangalia tu, na ndo maana huyu mzee alisema gari kama hii haipelekwi kwa mtu wa mashine asiye na subira, kila ukipolishi unapunguza na ikiisha imeisha. Sasa fikiria yadi inauza kifurushi kimoja kwa gari zote, nyeusi, nyeupe, fedha, yenye kilia isiyo na kilia, na hakuna aliyefungua mlango kusoma namba.

Nikamuuliza wewe ungefanyaje. Akanitajia hatua, na baadae nilikaa nikaziangalia kwa macho maana nilimpa kazi. Siku ya kwanza yote hakuna dawa iliyopakwa. Ameosha, akapuliza dawa ya kutoa chembe za chuma, hii ilinishangaza, baada ya dakika mbili milango yangu ikaanza kutiririsha machozi ya zambarau, ni vumbi la chuma la breki na viwandani lililokuwa limejichomeka kwenye rangi, mkono ukipita unasikia kama msasa laini. Akaja na udongo maalum kama ule wa kuchezea watoto, akausugua kwa maji ya sabuni gari nzima mpaka ikawa laini kama glasi. Akabandika teipu kwenye kingo zote na plastiki, akapolishi taratibu kwa sponji laini, akiangalia kwa taa kila eneo. Siku ya pili akafuta yote kwa spiriti ili pasibaki mafuta, ndo akapaka seramiki ndani ya banda lililofungwa, kipande kwa kipande, anasubiri, anafuta, anakagua kwa taa kama kuna sehemu imeacha mstari. Gari ikalala kwake usiku huo isiguswe na maji, na akaniambia nisiioshe kwa sabuni wiki nzima mpaka ikauke vizuri. Nililipa 650,000 kwa kila kitu.

Chupa aliyotumia inauzwa chini ya laki moja. Na ile ya yadi nilikuja kuikuta Kariakoo, lebo ileile, 35,000. Nawaomba hapa mnielewe, silalamiki kwamba dawa ilikuwa ya bei rahisi. Hata ile ya 35,000 huyu mzee angeipaka ingekaa kuliko ya yadi. Unachonunua kwenye kazi hii ni zile siku mbili, ule udongo, lile banda, lile jicho na ile taa. Dawa ni kama chumvi kwenye mboga, haiwezi kuwa mboga. Yadi wanakuuzia chumvi kwa bei ya mchuzi wa nyama, na hawawezi kufanya vinginevyo hata wakitaka maana hawana banda, hawana muda, gari inatakiwa itoke leo.

Tena kupaka juu ya gari ambayo haijatolewa mikwaruzo ni kuifungia mikwaruzo ndani. Gari zetu nyingi zimetumika, zimekaa melini, zimekaa bandarini na vumbi lake na chumvi yake, ukipaka bila kuusafisha, uchafu huo umeufungia ndani.

Kwa wanaokopa ni mbaya zaidi. Ukiingiza ile 1,200,000 kwenye mkopo wa gari, tuseme riba asilimia 18 kwa mwaka kwa miezi 36, unalipa kama 43,400 kila mwezi, jumla karibu 1,562,000. Hiyo laki tatu na sitini ya juu ni riba ya kitu kilichotoka kwa spiriti.

Kuhusu maji, hili kwa Dar ni la muhimu sana na sijaona muuzaji yeyote analisema. Sehemu nyingi gari zinaoshwa kwa maji ya kisima, na maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa. Gari yenye seramiki maji yanasimama matone matone, mazuri kwenye picha, lakini ukiliacha lile tone likaukie juani madini yote yanabaki pale pamoja, yanakuwa vile viduara vyeupe visivyotoka kwa kufuta. Gari isiyo na kitu maji yanatandaa tu. Kwa hiyo ukishapaka seramiki ndo unatakiwa uwe makini zaidi na kukausha, sio kwamba umeshamaliza. Muuzaji wangu aliniambia "hautahitaji hata kuosha, mvua inaosha". Sio kweli hata kidogo, na kwangu mimi hili ndo kosa kubwa kuliko bei, maana linamfanya mtu aache gari yake na uchafu akiamini inalindwa.

Vitu vingine vya kwenye kifurushi nitapita haraka. Dawa ya viti, unaweza kununua kopo supamaketi ukapuliza mwenyewe, matokeo yaleyale. Dawa ya kutu ya chini, hapa angalia. Ile nyeusi nzito ya mpira wanayopuliza, chuma kikiwa safi na kikavu inasaidia kweli, sisi wa pwani chumvi ipo hewani. Lakini ikipulizwa juu ya kutu iliyopo inafunika tu, unyevu unabaki ndani, kutu inaendelea kula kimyakimya, na wewe mnunuzi huioni. Kuna gari zinatoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, chini zimeoza, ukikuta yadi chini pamepakwa nyeusi mbichi inayong'aa, ita fundi wako aigonge kwa bisibisi kabla hujalipa. Yangu walipuliza bila hata kuinua gari, wameinama na kopo.

Kuna kitu kimoja cha kulinda rangi ambacho nakikubali kwa asilimia zote, ni ile filamu ya uwazi ya kubandika, PPF. Hiyo ni plastiki ya poliyurethani yenye mikroni 150 hadi 200, nene kuliko rangi yenyewe, ilianza kwenye helikopta za jeshi la Marekani kukinga mapanga yake na mchanga. Jiwe linagonga filamu haligusi rangi. Kama kazi yako ni Dar Dodoma kila wiki nyuma ya malori ya kokoto, bandika boneti, bampa ya mbele na sait mira, basi. Bei yake ni ya mamilioni ukifanya gari nzima, na inataka mtu anayejua kukata na kubandika, sio yadi. Kwa gari ya mjini ya miaka kumi sioni sababu.

Na wale wenye Toyota nyeupe ya lulu, namba 070, au nyeupe ya kawaida 040, mnajua lile tatizo la rangi kubabuka vipande vipande kwenye paa na boneti mpaka panabaki kijivu. Lile linatoka chini, rangi inaachana na tabaka la chini yake kwa sababu ya jua la miaka mingi, na Toyota wenyewe walishaongeza muda wa waranti nje huko kwa baadhi ya magari yenye rangi hizo. Seramiki inakaa juu. Haiwezi kushikilia kinachoachia chini. Usikubali mtu akuuzie seramiki kama dawa ya kubabuka.

Binamu yangu yuko Ohio, Marekani, nilivomsimulia akacheka akasema kule ndo mchezo wa kila siku, unaingizwa kwenye chumba cha mtu wa mikopo na kila kitu kinaongezwa kwenye marejesho ya mwezi, "ni dola 20 tu kwa mwezi". Mwaka 2022 tume yao ya biashara, FTC, pamoja na jimbo la Illinois walimaliza kesi na kundi moja kubwa la wauza magari kwa dola milioni 10, moja ya tuhuma ilikuwa kuwapachikia wateja nyongeza ambazo hawakuziomba. Desemba 2023 tume ikatangaza kanuni ya kuzuia kumtoza mteja nyongeza isiyomfaa, wauza magari wakaenda mahakamani na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kabla haijaanza kutumika. Kwa hiyo sio sisi tu. Hapa kwetu tuna Tume ya Ushindani, FCC, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ndiko nilikopeleka barua yangu baada ya yadi kuniambia wanachoweza ni "kupaka tena bure". Nilikataa. Kupaka tena dakika arobaini juani ya nini wakati gari imeshafanyiwa kazi ya kweli.

Tathmini yangu basi: kazi ya yadi naipa 2 kati ya 10, na hizo mbili ni za yule kijana aliyeosha kwa sababu alijituma kwa alichopewa, kosa sio lake. Waranti 0. Kazi ya mzee wa Sinza 9, moja nimeitoa kwa sababu alichelewa siku moja na hakunipigia. Yale mabaka ya kunguru mawili yametoka, mawili yamebaki kwa mbali, alisema akiendelea kusugua atafika chini na mimi nikamwambia aache.

Sasa hivi naosha mwenyewe Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari moja ya kusuuzia kitambaa, naanza juu namalizia chini, nakausha kwa taulo papohapo. Kwenye gari kuna chupa ya maji na kitambaa kwa ajili ya kunguru, nikiona tu nalowesha dakika mbili kinalainika nafuta bila kusugua. Kazini nimehama ule mkungu. Hayo yote hayajafika elfu sitini na ndo yanayolinda rangi kila siku.

Wiki iliyopita dada yangu alienda kuchukua Noah yake, yadi nyingine kabisa, nikamsindikiza. Kama kawaida karatasi ya pili ikaja, 900,000, na humu ilikuwa imeshaandikwa ndani ya invoisi kabisa kama vile ni lazima. Tukasema itoe. Muuzaji akasema bosi hawezi kutoa maana gari "imeshapakwa". Dada akapitisha kidole kwenye boneti, kikatoka na vumbi la bandarini, akamwonesha. Muuzaji akaenda ndani akarudi na invoisi mpya isiyo na ile laki tisa. Akauliza basi tuwaoshee bure? Tukamwambia hapana kaka, asante, iacheni hivohivo, na tukatoka nayo na vumbi lake mpaka Sinza.